Sikukuu ya Somo wa Parokia: Tujiandaeje?

Kila kanisa la parokia lina somo, mara nyingi mtakatifu msimamizi ambaye kanisa limepewa jina lake. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nazo zina somo, na wewe uliyebatizwa Monika au Antoni unaye wako. Kama hujui tarehe yake, uliza ofisi ya parokia wakuangalizie kwenye kalenda ya liturujia. Mt. Yosefu ni 19 Machi, Mt. Antoni wa Padua 13 Juni, Mt. Monika 27 Agosti.

Tuchukue mfano wa Mt. Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, ambao sikukuu yao ni 3 Juni. Ni vijana na watu wazima 22 waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa ajili ya imani, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waelezeni watoto habari hizi kabla ya siku yenyewe, maana wengi hulitaja jina la somo kila Jumapili bila kujua alikuwa nani.

Je, sikukuu ya somo inayoangukia siku ya kazi inaweza kusogezwa hadi Jumapili? Katika kanisa lenye jina lake, siku ya somo ina hadhi ya sherehe, daraja la juu kabisa. Kwa hiyo paroko anaweza kuihamishia Jumapili ya kipindi cha kawaida, lakini si Jumapili za Majilio, Kwaresima wala Pasaka. Mwezi Juni angalieni pia Jumapili ya Utatu Mtakatifu na ya Mwili na Damu ya Kristo, hizo haziondolewi. Muulizeni paroko kabla hamjatangaza lolote. Na kama mnataka askofu aje, barua ipitie kwa paroko mapema sana.

Novena ni sala ya siku tisa mfululizo. Kwa 3 Juni mnaanza 25 Mei na kumaliza mkesha wake. Jumuiya zinaweza kupokezana kuongoza, na haihitaji hata shilingi moja. Ndani ya siku hizo tafuta nafasi ya kitubio. Wengi hawajui kwamba anayetembelea kanisa la parokia kwa ibada siku ya sherehe ya somo wake anaweza kupata rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Anatakiwa asali hapo Baba Yetu na Nasadiki, aungame, apokee Komunyo, asali kwa nia za Baba Mtakatifu, na asiwe na mapenzi na dhambi yoyote. Hili ndilo tunda kubwa la siku hiyo, kuliko pilau.

Wanaopamba altare wakumbuke kuwa mashahidi huadhimishwa kwa rangi nyekundu. Watakatifu wasio mashahidi ni nyeupe.

Sasa gharama. Misa yenyewe haiuzwi. Ukitaka padre aombee nia yako, uliza ofisini sadaka iliyopangwa. Usipokuwa nayo mwambie paroko bila aibu, kwa kuwa sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kuombea nia za maskini hata pasipo sadaka. Kinachokula fedha ni chakula, maturubai na vipaza sauti, na hapo ndipo michango hupanda mpaka mama mjane anaacha kuja jumuiya. Naona ni kosa kumpangia kila mtu kiasi kimoja na kusoma majina ya wasiotoa. Pokeeni vitu: mmoja alete sado ya mchele, mwingine mafuta, mwingine kuni, na asiye na kitu aje kuosha sufuria. Wakati wa matoleo ungo wa mahindi, mche wa sabuni na jogoo aliyefungwa miguu vyote hupita mbele ya altare kwa heshima ileile. Mhazini aandike kila kilichoingia na kutoka, kisha asome hesabu Jumapili inayofuata.

Kama somo wenu ni wa Juni, kamati ya maandalizi ikutane mapema, kabla ya Pasaka. Kwenye orodha ya waalikwa, tangulizeni wale walioacha kuja kwa sababu ya michango, na mwenyekiti wa jumuiya awafuate nyumbani mwenyewe.