Mtoto na Mlezi Wake: Somo kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mtoto aingiapo Darasa la Kwanza huja na mfungamano alioujenga na mlezi wake tangu uchanga. Mfungamano huo ndio umpao uthubutu wa kujaribu mambo mapya. Je, mwalimu atautambuaje?

Tutazame mifano ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Mnamo 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga wa Kiganda vijijini karibu na Kampala. Mama aliporejea, baadhi yao walimlaki kwa kupiga makofi. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, aliwaona watoto wakiwalaki mama zao kwa kuwakumbatia na kuwabusu. Kwa Wagusii wa Kenya, mtu mzima humsalimu mtoto mchanga kwa kumpa mkono. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba mtoto mwenye imani na mlezi humnyoshea mkono arejeapo. Mlezi huyo hakuwa mama peke yake.

Funzo ni hili: mfungamano ni wa watoto wote, lakini ishara zake hufunzwa na mila.

Katika Bukoba na Muleba, mtoto hubebwa na mama, bibi, shangazi na dada. Aidha, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa vifo vilivyofuata mabibi wengi waliachiwa wajukuu. Mwalimu asidhani kwamba yatima wa namna hiyo hana wa kumtegemea. Kufiwa ni msiba, lakini bibi aliyebaki ni nguzo. Wala asimwone mtoto aliyefunzwa kupiga magoti na kuamkia kwa sauti ya chini kuwa hana upendo.

Mambo ya kuzingatia:

1. Usimwulize mtoto habari za mama yake mbele ya wenziwe. Chunguza kwa faragha ni nani amlishaye na kumwuguza.
2. Mwalike mlezi huyo shuleni, awe bibi au dada, na umpe heshima ya mzazi.
3. Siku za mwanzo, mketishe mtoto karibu na ndugu au jirani amjuaye.

Zoezi: Wakati wa mazoezi ya kufundisha, angalia jinsi watoto watatu wawapokeavyo walezi wao. Andika ishara ulizoziona bila kuzihukumu, kisha mzijadili chuoni.