Zanzibar nendeni, mkopo uacheni

Shangazi,

Naishi Mbagala Kuu na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 11, mwingine 7. Mimi nashona na kuuza madera pale Rangi Tatu. Mume wangu anaendesha bajaji ya mkataba. Mwezi huu nimepokea mchezo, shilingi 1,200,000. Watoto nilishawaahidi kwamba shule zikifungwa Desemba tutakwenda Zanzibar, tulale hata usiku tatu.

Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, anakaa Tegeta na mambo yake yamenyooka. Ametualika twende pamoja wiki ya Krismasi kwenye hoteli ya kitalii kule Nungwi. Baba watoto alikubali palepale bila kuniuliza. Tukaunganishwa na wakala kwa WhatsApp. Anasema usiku tatu, chumba kimoja cha familia, milo miwili kwa siku, ni shilingi 2,400,000, na juu yake "bima ya Zanzibar" dola 44 kwa kila mtu. Anataka nusu kabla ya Ijumaa, iingie kwenye namba yake ya simu, la sivyo ofa inafungwa. Hiyo nusu ni mchezo wangu wote. Kwa nusu iliyobaki na nauli, mume wangu anataka kukopa 1,500,000 kwa watu wa kausha damu, marejesho 23,000 kila siku kwa siku 90. Dhamana ni friji, televisheni na cherehani yangu.

Nikisema hatuwezi, ananyamaza siku nzima. Anaona namdhalilisha mbele ya kaka yake. Na kuna jambo sijamwambia: naogopa boti. Mwaka 2012 jirani yetu alipanda MV Skagit na hakurudi. Nifanyeje, Shangazi?

Mama Wawili, Mbagala

*

Mwanangu, jibu nalitanguliza ili leo upate usingizi: Zanzibar nendeni, Desemba hii hii, kwa hizo shilingi 1,200,000 na bila senti ya mkopo. Yule wakala usimtumie chochote. Lakini kabla ya kukata tiketi, kaa na baba watoto mzungumze, maana safari hii imekwama nyumbani kwenu kabla ya kufika bandarini.

Tuanze na mkopo, kwa kuwa ndio wenye hatari kubwa. Chukua kalamu. Shilingi 23,000 kwa siku 90 ni 2,070,000. Ondoa 1,500,000 mtakayopewa, zinabaki 570,000 mnazolipa bure kwa usiku tatu. Krismasi itapita, Januari itaingia na sare, madaftari na michango ya shule, na rejesho litakuwa bado linadaiwa mpaka Machi. Dereva wa bajaji ya mkataba anaamka tayari akidaiwa hesabu ya tajiri. Ukimwongezea 23,000 za kila siku, siku ya mvua au siku bajaji iko gereji atazitoa wapi? Zitatoka kwenye unga na mboga. Halafu wameitaka cherehani. Cherehani ni kazi yako, mwanangu, na kazi haiwekwi rehani kwa ajili ya mapumziko. Mjue pia kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Ikitokea siku mna dharura ya kweli ya kukopa, leseni iwe swali la kwanza.

Sasa wakala. Hizo dola 44 zimemfichua. Bima hiyo ni kweli ipo, ilianza Oktoba 1, 2024, lakini inawahusu wageni kutoka nje ya nchi. Nyinyi ni Watanzania mnaokwenda sehemu ya nchi yenu. Mnachohitaji ni kitambulisho cha NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Anayewatoza bima hiyo ama hajui kazi yake ama anawaibia, na kwa vyovyote vile hastahili kushika fedha zako. Hoteli yoyote mtakayoipenda, tafuteni simu ya mapokezi yake wenyewe, mpige, muulize mambo manne: bei ya Mtanzania ni ngapi, ni ya chumba au ya kila kichwa, kodi imo au inaongezwa mwishoni, na mkiahirisha mnarudishiwa kiasi gani. Malipo yaende kwenye lipa namba au akaunti yenye jina la hoteli. Likitokea jina la mtu binafsi, acheni.

Nije kwa mume wako. Nimemsoma kwenye barua yako, na simuoni kama mfujaji. Ni mdogo mtu aliyealikwa na kaka yake mbele ya familia, akaona kusema "sina" ni aibu. Aibu hiyo haiponi kwa hesabu utakazomsomea watoto wakisikiliza. Subiri walale. Anza na jambo mnalokubaliana: wote mnataka watoto wavuke bahari. Kisha mwambie hofu yako ya boti, ambayo umeibeba peke yako tangu 2012. Akijua nawe una unyonge wako, atapata nafasi ya kukueleza wa kwake. Ndipo uweke hesabu ya 570,000 mezani, umuulize yeye angeifanyia nini. Na jibu la Tegeta alipeleke yeye mwenyewe, kwa heshima: "Kaka, nashukuru kwa mwaliko. Krismasi bajaji ina kazi, kwa hiyo sisi tunatangulia mapema Desemba. Mkirudi tutakula pamoja." Hilo si uongo, kwani wiki ya sikukuu ndiyo wiki ya abiria. Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo.

Mkishakubaliana, tarehe yenyewe ndiyo itakayowaokolea fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na kati ya hapo na Krismasi kuna wiki mbili ambazo hoteli za pwani hazijapandisha bei za sikukuu. Ondokeni Jumatatu, mrudi Alhamisi. Mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea, lakini mara nyingi huwa za saa chache.

Mgawanyo wangu wa fedha ni huu, na kila fungu ni mpaka msiouvuka: boti kwenda na kurudi kwa watu wanne, 300,000, kulala usiku tatu, 360,000, chakula siku nne, 240,000, daladala na teksi, 80,000, matembezi, 100,000, akiba ya dharura, 120,000. Jumla ni mchezo wako kamili. Nauli ulizeni dirishani kabla, kwa kuwa hubadilika, na ikizidi punguzeni usiku mmoja, msiiguse akiba.

Tiketi za boti kateni wenyewe kwenye ofisi za kampuni, pale bandarini karibu na Posta, siku kadhaa kabla. Vishoka wanaowakimbilia abiria nje ya geti msiwape kitambulisho wala fedha. Chagueni boti ya kwanza ya asubuhi. Barabara ya Kilwa mnaijua ilivyo, kwa hiyo tokeni Mbagala alfajiri. Mkichelewa boti, mpango wa siku nzima unaharibika.

Hofu yako naiheshimu. Skagit ilizama Julai 18, 2012, ikitoka Dar kwenda Unguja, karibu na kisiwa cha Chumbe, na chini ya mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa imezama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Waliokufa walikuwa watu wetu, na anayekucheka kwa kuogopa hajui anachocheka. Nitakalokuambia ni namna ya kusafiri ukiwa na hofu hiyo. Skagit ilikutana na upepo mkali, na Julai ni katikati ya kusi; Desemba kusi huwa imekwisha na bahari ya mkondo wetu kwa kawaida imetulia zaidi. Boti za kasi huchukua kama saa mbili. Mkipanda, ulizeni jaketi okozi ziko wapi, muwaonyeshe watoto. Kaeni sehemu ya chini, katikati au nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Kuleni kidogo asubuhi. Siku ikichafuka, ahirisheni. Na chombo mkikiona kimejaa kupita kiasi, shukeni, hata kama tiketi mmeshaikata. Nauli iliyopotea mtaitafuta tena.

Mkiteremka Malindi, papasi watawapokea kwa maneno matamu, kila mmoja na hoteli yake na teksi yake. Jibuni "tumeshapangiwa" na mwendelee. Usiku wa kwanza laleni Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya wageni ndogo yenye chai ya asubuhi ndani ya bei. Mitaa ya Malindi, Kiponda na Mkunazini inazo, na zote mnafika kwa miguu. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuutembea hakulipiwi: vichochoro, milango ya nakshi, soko la Darajani. Kwa heshima ya wenyeji, nguo za ufukweni ziacheni ufukweni. Madera yako yatakufaa sana.

Usiku mbili zilizobaki nendeni pwani, na hapo msichague kwa picha, chagueni kwa maji. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, bahari ikipwa huondoka mbali sana, hasa wakati wa bamvua. Kwa saa kadhaa hakuna pa kuogelea, ingawa watoto wataokota kome na kuwaona akina mama wa mwani wakiwa kazini. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii hivyo na mnaweza kuoga karibu muda wote. Kwa watoto waliosubiri bahari mwaka mzima, ningechagua Nungwi. Kijijini, nyuma ya mahoteli makubwa, zipo nyumba za wageni za bei ya chini, na mchanga mtakaokanyaga ni uleule wa wageni wa hoteli za mamilioni. Maji yakipwa mnaweza kutembea kwa miguu mpaka Kendwa. Daladala ya Nungwi ni namba 116; mizigo iwe midogo na msafiri mchana, kwa kuwa jioni magari huwa haba.

Kwenye chakula ndiko fungu huvuja bila mtu kujua. Meza ya hoteli ya pwani imepangwa kwa mfuko wa mtalii, na watoto wawili wakiagiza juisi na chipsi mara mbili kwa siku mtashangaa bili. Kuleni chai nzito asubuhi, kwa kuwa mmeshailipia. Mchana tafuteni wanakokula wenyeji: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage, mchuzi wa pweza. Mjini, mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini unajulikana kwa chakula cha namna hiyo, na unaona sufuria kabla ya kuagiza. Jioni nendeni Forodhani. Urojo na maji ya miwa havitawaumiza. Mishikaki ya samaki na kamba ndiyo yenye bei, kwa hiyo ulizeni bei ya kila kijiti kabla sahani haijajazwa, na mhakikishe kinaiva mbele yenu. Maji ya kunywa nunueni dukani kwa katoni. Na mkiwa na hamu ya kukaa kwenye hoteli kubwa, nendeni jioni moja mnywe soda mkiangalia jua linazama. Watoto watasimulia hilo hilo shuleni.

Matembezi yawe moja, lililochaguliwa na watoto. Kisiwa cha Changuu kina kobe wakubwa ambao wahenga wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Boti huondoka ufukweni karibu na Forodhani. Patana bei ya boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, kisha tafuteni familia nyingine mchangie. Wanaopenda msitu waende Jozani wakawaone kima punju.

Na kama baada ya mazungumzo yote bado moyo wako unakataa boti, usijilazimishe kwa ajili ya ahadi. Waambie watoto ukweli, muwapeleke Kigamboni kwa Daraja la Nyerere, mlale usiku mmoja kwenye nyumba ya ufukweni kule Mjimwema au Gezaulole. Hofu ikipungua mwakani, jaribuni mwendo mfupi: Kunduchi mpaka kisiwa cha Mbudya, hifadhi tangu 1975, mwende asubuhi mrudi jioni. Hiyo nayo ni safari ya kisiwani, na watoto hawatapungukiwa na kitu.

Mwanangu, mchezo ule umeuchangia kwa kushona na kusimama juani, na una haki ya kusema utumikeje. Sema hivyo kwa upole, ila usiufute usemi wako ili ukimya uishe ndani ya nyumba. Leo usiku ongea na mumeo. Kesho mjibuni wakala kwamba hamtaendelea naye. Jumamosi nendeni wote wawili bandarini mkaulize nauli, yeye akiwa na kitambulisho chake na wewe chako. Mwende salama, mrudi salama, na Januari iwakute hamdaiwi na mtu.

Shangazi