Karte nyekundu ya Ndaye

Kuna wanaosema: « Mtu akifukuzwa si kitu, tutakimbia zaidi. » Tufanye hesabu. Sheria inakataza kuweka mwengine pahali pake. Kazi ya watu 11 inabebwa na 10, tena adui anakuwa siku zote na mtu mmoja asiye na wa kumfuata. Na mechi inayokuja, yule mfukuzwa hachezi.

Mfano ni wa kwetu wenyewe. Tarehe 18 Juni 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi, Leopards wa Zaïre walicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Dakika ya 22, bao la ine likaingia. Wachezaji wetu wakamzunguka arbitre Delgado wa Kolombia kwa makelele, na Ilunga Mwepu akamupiga teke. Arbitre hakuona vizuri ni nani. Akamfukuza Ndaye Mulamba! Huyu Ndaye njo aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika, kule Misri, mwezi wa tatu mwaka ule ule. Mpaka leo hakuna aliyeyafikisha katika kombe moja.

Tuseme kweli: karte haikuleta mabao 4 ya kwanza. Lakini yalifuata mengine 5, ikawa 9-0. Tarehe 22, mbele ya Brazili, Ndaye alikuwa inje, tukafungwa 3-0. Mwepu, mwenye teke, alikuwa uwanjani siku hiyo. Akapata karte ya manjano, sababu alikimbia na kuupiga mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla wao hawajaupiga.