Chakula Hukinga, Hakitibu: Kijitabu cha Nyumbani Kuhusu Saratani

ANZA HAPA
Ukiona uvimbe au damu usiyoielewa, njoo hospitali upimwe kwanza. Usianze na majani ya kuchemsha.

JIKONI
Ugali wa dona, maharage, kunde, matembele, mchicha, mapapai, machungwa. Nyuzinyuzi za dona na maharage hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kupunguza si kuondoa: mla mboga naye huugua. Unga wa kwenye kopo wa bei kubwa uache dukani, matembele yapo nyuma ya nyumba.

VIDONGE
Huko Ufini walichunguzwa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliomeza vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wasiomeza. Kula karoti yenyewe.

MSTAFELI
Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mama amekoma hedhi, anaona damu, jirani anamwambia achemshe majani ya mstafeli. Anakunywa miezi. Akifika kwetu, ugonjwa umeshasambaa. Na kwa wanawake ambao bado hawana dalili, mlango wa kizazi huweza kupimwa kwa kupakwa siki, dakika chache tu, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Njoo upimwe kwanza.

Utaambiwa majani haya yameua saratani maabarani. Ni kweli, ndani ya vichupa. Hata chumvi nyingi ingeiua humo. Isitoshe, mstafeli una sumu ya mishipa ya fahamu. Kisiwani Guadeloupe, kunywa chai yake mara kwa mara kumehusishwa na ugonjwa unaofanana na ule wa kutetemeka. Usimpe mgonjwa. Usimpe mjamzito. Usiache dawa za hospitali kwa ajili yake. Usisubiri "dozi iishe" ndipo uje.

MAHINDI YENYE UKUNGU
Usile, usisagishe, usipikie pombe, usimpe kuku: sumukuvu haifi kwa moto, na huleta saratani ya ini.

WASICHANA WA MIAKA 9 HADI 14
Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inashinda juisi yoyote.

USINGOJE UKIONA HAYA
Damu baada ya tendo la ndoa. Damu baada ya kukoma hedhi. Uvimbe kwenye titi hata kama hauumi, na mara nyingi hauumi. Chakula kukwama kooni. Damu kwenye choo kikubwa. Kidonda kisichopona. Kukonda bila sababu. Kwa lolote kati ya haya, njoo upimwe kwanza.

UKIJA
Beba majani au chupa ya dawa unayotumia, daktari aione. Hatutakugombeza.