Betri ya Tochi Yenye Mwanga Mkali: Kani Mwendoumeme na Ukinzani wa Ndani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa aweze:
(a) kutofautisha kani mwendoumeme ya seli na volteji kati ya ncha zake;
(b) kukokotoa mkondo, volteji na nguvu inayofika kwenye taa;
(c) kueleza kwa nini seli inayoifaa tochi kali ndiyo pia inayohitaji tahadhari zaidi;
(d) kutumia hesabu kupima ukweli wa maandishi yaliyo kwenye lebo ya betri.

Utangulizi

Mlinzi wa usiku amenunua tochi yenye mwanga mkali. Anatia betri kavu tatu mpya. Akiwasha, mwanga unafika mwisho wa uwanja, lakini baada ya muda mfupi unafifia. Anazima na kuiacha ipumzike. Akiwasha tena mwanga unarudi, kisha unafifia kama mwanzo. Anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa betri mbovu. Mwenye duka anazipima kwa voltimita: kila moja inasoma 1.5 V. Nani mkweli?

Wote wawili ni wakweli. Voltimita imepima betri ikiwa haina kazi, na tochi imeipima ikiwa kazini. Maswali mengi ya mada hii yamejengwa juu ya tofauti hiyo, kwa hiyo ielewe vizuri kabla ya kuendelea.

1. Kani mwendoumeme na volteji ya ncha

Kani mwendoumeme (E) ni volteji kati ya ncha mbili za seli wakati seli haitoi mkondo. Seli inapotoa mkondo (I), mkondo huo hupita pia ndani ya seli yenyewe, na humo hukutana na ukinzani wa ndani (r). Sehemu ya volteji hupotea humo na kugeuka joto. Inayobaki kwenye ncha ni:

V = E − Ir

Ikiwa taa ina ukinzani R, basi:

I = E ÷ (R + r)

Katika milinganyo hiyo, kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo Ir inavyokua. Redio ndogo huvuta mkondo mdogo, hivyo betri yenye r kubwa huitosha. Tochi kali huvuta mkondo mkubwa, na hapo ndipo udhaifu wa betri hujitokeza.

2. Aina za seli utakazokutana nazo

*Seli ya zinki na kaboni.* Kani yake ni takriban 1.5 V. Kopo la zinki ndilo ncha hasi, na ufito wa kaboni ndio ncha chanya. Zinki huliwa kadiri seli inavyotumika, ndiyo maana betri ya zamani huvuja na kuharibu tochi. Mkondo ukiwa mkubwa, hidrojeni hujikusanya kwenye ncha chanya haraka kuliko manganizi dayoksaidi inavyoweza kuiondoa, na ukinzani wa ndani huongezeka. Ukiipumzisha seli, hidrojeni huondolewa taratibu. Ndiyo sababu mwanga wa tochi ya mlinzi ulirudi baada ya kupumzika.

*Seli ya alkali.* Nayo ni ya 1.5 V, lakini ina ukinzani wa ndani mdogo zaidi na hudumu zaidi. Kama ile ya kwanza, ni seli ya msingi: haichajiwi.

*Seli ya nikeli inayochajiwa.* Kani yake ni takriban 1.2 V tu, lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo. Katika tochi ya kati inaweza kuishinda seli ya zinki na kaboni ya 1.5 V.

*Seli ya lithiamu inayochajiwa.* Aina hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Volteji yake ya kawaida ni 3.6 V au 3.7 V, na ikijaa hufika 4.2 V. Inayotumika sana kwenye tochi kali huitwa 18650: kipenyo chake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana.

Mfano 1

Tuchukulie kwamba tochi ina ukinzani usiobadilika wa 1.5 Ω. Linganisha nguvu inayofika kwenye taa ikitumia (i) seli tatu za zinki na kaboni katika mfuatano, kila moja ikiwa na E = 1.5 V na r = 0.5 Ω; (ii) seli moja ya lithiamu yenye E = 3.6 V na r = 0.05 Ω.

*Suluhisho*

(i) E ya jumla = 3 × 1.5 = 4.5 V; r ya jumla = 3 × 0.5 = 1.5 Ω
I = 4.5 ÷ (1.5 + 1.5) = 1.5 A
V = 1.5 × 1.5 = 2.25 V
P = IV = 1.5 × 2.25 = 3.4 W

(ii) I = 3.6 ÷ (1.5 + 0.05) = 2.32 A
V = 2.32 × 1.5 = 3.48 V
P = 2.32 × 3.48 = 8.1 W

Betri yenye 4.5 V imeshindwa na seli yenye 3.6 V. Katika (i), nusu ya nishati yote imeishia ndani ya betri kama joto, na kila seli iliyosoma 1.5 V dukani sasa ina 0.75 V tu. Hilo ndilo jibu la ugomvi wa mlinzi na mwenye duka.

3. Kwa nini seli bora ndiyo ya hatari zaidi

Sasa tuache taa pembeni. Mtu ameweka seli ya lithiamu mfukoni pamoja na funguo, na ufunguo umeunganisha ncha mbili. Hiyo ni shoti: R ni karibu sifuri, na kinachozuia mkondo ni r peke yake.

Mfano 2

Kokotoa mkondo wa shoti na nguvu inayogeuka joto kwa betri zote mbili za Mfano 1.

*Suluhisho*

Betri ya zinki na kaboni: I = 4.5 ÷ 1.5 = 3 A; P = 4.5 × 3 = 13.5 W
Seli ya lithiamu: I = 3.6 ÷ 0.05 = 72 A; P = 3.6 × 72 = 259 W

Wati 259 katika kitu kinachoenea kwenye kiganja! Isitoshe, elektroliti ya seli ya lithiamu ni kimiminika kinachoweza kuwaka. Joto likizidi, utando mwembamba unaotenganisha elektrodi huharibika, seli hujipiga shoti yenyewe kwa ndani, joto huongeza mmenyuko na mmenyuko huongeza joto. Mwisho wake ni moshi, moto au mlipuko.

Shika jambo hili: ukinzani mdogo wa ndani ndio unaotoa mwanga mkali, na ndio huo huo unaotoa mkondo wa hatari. Kwa hiyo nguvu na ulinzi lazima vichaguliwe pamoja.

4. Mambo ya kukagua kabla ya kununua

1. *Mkondo.* Tafuta mkondo ambao tochi inahitaji kwa I = P ÷ V. Tochi ya 18 W kwa seli ya 3.6 V inahitaji 5 A. Seli iruhusu mkondo unaozidi huo kwa matumizi ya mfululizo.

2. *Ulinzi.* Baadhi ya seli zina saketi ndogo ya ulinzi inayokata umeme kukiwa na shoti, ikichajiwa kupita kiasi au ikiishiwa mno. Saketi hiyo huongeza urefu wa seli kwa milimita chache, hivyo hakikisha inaingia kwenye tochi bila kulazimishwa.

3. *Ujazo.* Ujazo wa seli huandikwa kwa miliampea-saa (mAh). Seli nzuri za 18650 huwa na takriban 2000 hadi 3500 mAh. Ukiona lebo ya 18650 yenye 9900 mAh, huo ni uongo.

4. *Uzito.* Seli halisi ya 18650 ina gramu 45 hadi 50 hivi. Nyepesi mno ikataliwe. Lakini uzito sahihi peke yake hautoshi kuikubali, kwa kuwa seli bandia inaweza kujazwa kitu kingine ili iwe nzito.

5. *Ganda.* Plastiki ya nje isiwe imechanika. Chini yake kuna chuma cha ncha hasi, ambacho hukaribia ncha chanya upande wa juu.

6. *Chaja.* Iwe imetengenezwa kwa seli za lithiamu na isivuke 4.2 V kwa seli moja. Chaja ya seli za nikeli haifai.

Mfano 3

Mwanafunzi amenunua seli iliyoandikwa 9900 mAh. Ameichaji ikajaa, akaitumia kwenye tochi inayovuta 0.5 A bila kubadilika. Tochi ilizima baada ya saa 2. Tafuta ujazo halisi.

*Suluhisho*

Ujazo = It = 0.5 A × saa 2 = 1 Ah = 1000 mAh

Mwanafunzi amepata karibu sehemu moja ya kumi ya alicholipia. Kwa kulomu: Q = 0.5 × 7200 = 3600 C.

5. Tahadhari za matumizi

- Usichanganye betri mpya na iliyotumika katika mfuatano. Iliyo dhaifu huisha kwanza, kisha zenye nguvu huendelea kusukuma mkondo ndani yake hadi ncha zake zigeuke. Huweza kuvuja au kupasuka.
- Usichaji seli ya msingi.
- Usichaji seli ya lithiamu kitandani, chini ya mto au ukiwa umelala.
- Usitumie seli iliyovimba, iliyobonyea au inayonuka. Usiitoboe wala kuitupa motoni.
- Seli ikipata joto wakati wa kuchaji, zima swichi ya ukutani kwanza. Ikianza kutoa moshi, ondokeni chumbani na muite msaada. Moshi wake ni sumu.

6. Makosa ya watahiniwa

- Kutumia V = E hata pale swali lilipotaja ukinzani wa ndani.
- Kujumlisha E za seli katika mfuatano na kusahau kujumlisha r.
- Kuacha mAh bila kuigeuza kuwa Ah, au saa bila kuigeuza kuwa sekunde wanapotafuta kulomu.
- Kujibu "betri ni mbovu" pale swali linapotaka sababu ya kifizikia.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kani mwendoumeme na volteji ya ncha. (alama 2)

2. Seli yenye E = 3.7 V na r = 0.1 Ω imeunganishwa na tochi yenye ukinzani wa 1.75 Ω. Kokotoa (a) mkondo, (b) volteji ya ncha, (c) nguvu ya tochi, (d) nguvu inayopotea ndani ya seli. (alama 6)

3. Tochi inavuta 1.5 A kutoka seli ya 3000 mAh. Itawaka kwa muda gani, na chaji iliyopita ni kulomu ngapi? (alama 4)

4. Tochi ya mvuvi inahitaji 3 A. Seli A imeandikwa 9900 mAh, ina gramu 28, haina jina la mtengenezaji na ni ya bei nafuu. Seli B imeandikwa 3000 mAh, ina gramu 48, inaruhusu hadi 10 A na ina saketi ya ulinzi. Zote ni 18650. Mshauri mvuvi, ukitoa sababu tatu. (alama 6)

Majibu

1. Kani mwendoumeme ni volteji ya seli isipotoa mkondo. Volteji ya ncha ni ile inayobaki seli inapotoa mkondo, baada ya kutoa Ir.

2. (a) 3.7 ÷ 1.85 = 2 A; (b) 3.7 − 0.2 = 3.5 V; (c) 7 W; (d) I²r = 0.4 W.

3. 3 ÷ 1.5 = saa 2; Q = 1.5 × 7200 = 10,800 C.

4. Achukue B. Inaruhusu mkondo unaozidi ule wa tochi. Ina ulinzi dhidi ya shoti. Ujazo na uzito wake vinaaminika. Ujazo ulioandikwa kwenye A hauwezekani kwa ukubwa huo, na wepesi wake unathibitisha shaka. Ukitaja bei nafuu ya A kama sababu ya kuichagua, hupati alama: mvuvi aliye ziwani usiku hana duka la kurudishia betri.