Pa Kuzindulia Zana Mpya ya Watengenezaji Programu

Swali: Zana mpya ya watengenezaji programu izinduliwe wapi ili ipate watumiaji wa kweli?

Jibu: Mahali panapofaa ni pale wanapokutana wenye tatizo ambalo zana hiyo inalitatua, hata wakiwa wachache. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake ya Linux Agosti 1991, aliwaandikia watumiaji wa mfumo wa uendeshaji wa Minix, waliojua tayari upungufu wa mfumo huo. Ryan Dahl alionyesha Node.js mjini Berlin mwaka 2009, kwenye mkutano wa JavaScript: lugha waliohudhuria waliijua, na jipya kwa wengi wao lilikuwa kuiendesha kwenye seva. Docker ilionyeshwa kwa dakika chache tu Machi 2013 huko PyCon, mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python, Marekani. Haikuwa ya Python peke yake, lakini waliosikiliza walikuwa wamechoshwa na programu inayofanya kazi kwenye kompyuta moja na kugoma kwenye nyingine.

Tovuti za bidhaa mpya, kama Product Hunt, huvuta wengi kwa siku moja. Wanaobaki ni suala jingine. Popote itakapozinduliwa, maelekezo ya kusakinisha yawe mafupi, na awepo mtu wa kujibu maswali siku hiyo hiyo.