Ufahamu na Ufupisho: Kisiwa cha Rubondo

Mtahiniwa, alama nyingi za ufahamu hupotea kwa kunakili sentensi za kifungu jinsi zilivyo. Soma kifungu hiki mara mbili, kisha ujibu maswali kwa maneno yako mwenyewe.

KIFUNGU

Hakuna barabara inayofika Rubondo. Ukitaka kukitembelea kisiwa hiki, kilichopo kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, utapanda boti au ndege ndogo. Ukishuka utapokewa na msitu mnene na milio ya tai wala samaki. Penye matete utaweza kumwona nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomsaidia kutembea kwenye tope. Hifadhi ina kilometa za mraba zipatazo 457, na karibu nusu yake ni maji.

Rubondo haikuwa tupu. Wavuvi na wakulima waliishi humo kabla ya kuhamishwa. Mwaka 1965 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt walileta sokwe 17 kutoka Ulaya. Sokwe hao walikamatwa Afrika wakiwa wadogo, wakafugwa utumwani. Waliachiwa msituni bila kufundishwa maisha ya porini, lakini walijifunza wenyewe kutafuta chakula na kujenga viota vya kulalia, wakazaana. Faru weusi nao waliletwa miaka hiyo ya 1960. Hao waliuawa na majangili mpaka wakaisha, kwa kuwa pembe zao zina bei kubwa.

Maji yalizuia jembe, hayakuzuia bunduki. Hifadhi hulindwa na askari wa doria, na pia na jirani anayeona faida yake. Maji ya Rubondo ni mazalia ya samaki. Samaki wakikua, wengine hutoka nje ya mipaka, wakaingia katika nyavu halali za wavuvi. Mvuvi anayelijua hilo hatamficha jangili.

MASWALI

(a) Pendekeza kichwa cha habari kwa maneno yasiyozidi matano.
(b) Eleza maana ya (i) majangili (ii) mazalia.
(c) Kwa nini sokwe waliongezeka ilhali faru waliisha?
(d) Mwandishi ana maana gani anaposema, "Maji yalizuia jembe, hayakuzuia bunduki"?
(e) Sentensi ya mwisho ya kifungu ni ukweli au maoni? Thibitisha.
(f) Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 30.

MWONGOZO WA MAJIBU

(a) Mfano: Uhifadhi katika Kisiwa cha Rubondo. Usiandike "Sokwe" peke yake. Kichwa kibebe kifungu kizima.
(b) (i) Watu wanaowinda wanyama kinyume cha sheria. (ii) Mahali samaki wanapotagia mayai na kukulia.
(c) Sokwe waliyamudu mazingira mapya, wakazaana. Faru waliandamwa kwa sababu ya bei ya pembe zao. Taja pande zote mbili. Ukitaja mmoja, umejibu nusu ya swali.
(d) Kisiwa kilisalimika na kilimo kwa kuzungukwa na maji, lakini hakikusalimika na ujangili. Jembe linawakilisha kilimo na bunduki ujangili.
(e) Ni maoni. Mwandishi anatabiri tabia ya mvuvi, hakutoa ushahidi. Ukweli ni jambo linaloweza kuhakikiwa, kama vile mwaka 1977.
(f) Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka Ulaya waliachiwa Rubondo. Ingawa walizoea kufugwa, walijifunza kujitegemea wakaongezeka. Faru weusi walioletwa pia waliuawa na majangili hadi wakaisha. (Maneno 26)

Zingatia: katika ufupisho, hesabu maneno yako na uandike idadi yake mwishoni. Usiongeze jambo lisilo kwenye kifungu, hata kama unalijua vizuri.